Mtu Aliyesimama Juu ya Chokaa: Picha za Kwanza za Chemchemi za Mammoth

Mwenyekiti, waandaaji wa maonyesho haya, wapiga picha wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa hadi mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Niliombwa nizungumzie picha za kale za mandhari, nikapewa uhuru wa kuchagua. Nimechagua mahali pamoja, mwaka mmoja, na karibu niseme picha moja. Mahali ni Mammoth Hot Springs, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani. Mwaka ni 1871, hifadhi yenyewe ikiwa bado haijazaliwa. Mpiga picha ni William Henry Jackson, kijana wa miaka 28 kutoka Omaha, Nebraska. Katika picha ninayoisema, matuta ya mawe yanashuka mlimani hatua kwa hatua, kila tuta limebeba vidimbwi, na ukingo wa kila kidimbwi umevimba na kuning'inia juu ya kile kilicho chini yake. Katikati ya yote hayo amesimama mtu mmoja, mdogo, ametulia.

Mfunikeni yule mtu kwa kidole, mtaona picha inavyopotea. Matuta yanabaki, lakini hujui tena kama yanakufika gotini au yanaipita nyumba yako. Mtoeni kidole, na kila kitu kinarudi kwenye kipimo chake. Mtu huyo ni Thomas Moran, mchoraji mzaliwa wa Bolton, Uingereza, aliyekuwa na miaka 34. Hakusimama pale ili apate kumbukumbu ya safari. Alikuwa kipimo.

Hilo ndilo ninalotaka mlifikirie pamoja nami leo. Picha hizi zilipigwa ziwe ushahidi, na ushahidi husikilizwa kwa yale unayoyasema, kisha huulizwa juu ya wale ambao hawakuitwa kusema.

Kwa nini ushahidi ulihitajika? Kwa sababu watu hawakuamini. Wawindaji wa manyoya walikuwa wamesimulia kwa miaka na miaka habari za maji yanayoruka juu, ardhi inayotoa moshi, milima ya kioo cheusi. Walichekwa. Mwaka 1869 watu watatu, Folsom, Cook na Peterson, walikwenda kujionea, na waliporudi baadhi ya majarida yaliikataa habari yao yakihofia kuvunjiwa heshima. Mwaka 1870 ulikwenda msafara mkubwa zaidi, ukiwa na watu wa kuheshimika na askari wa kuwalinda. Huo uliaminiwa kwa kiasi. Mmoja wao, Nathaniel Langford, alizunguka akitoa mihadhara, na makala yake ilipochapishwa mwaka uliofuata, michoro ilitengenezwa na huyuhuyu Moran, ambaye wakati huo alikuwa hajaiona Yellowstone hata kwa mbali. Alichora kwa kufuata michoro na maneno ya wengine. Na cha kushangaza, msafara ule wa 1870 ulipita bila kuyaona matuta ya Mammoth kabisa.

Ndipo anaingia Ferdinand Hayden, mwanajiolojia wa serikali. Bunge la Marekani lilimpa dola 40,000 kwa ajili ya safari ya 1871, naye akakusanya wataalamu wa miamba, mimea, wadudu na ramani. Akamchukua Jackson, ambaye walikuwa wameshasafiri pamoja mwaka uliotangulia. Moran akaongezwa dakika za mwisho, nauli yake ikitokana na mkopo wa Jay Cooke, mfadhili wa reli ya Northern Pacific. Likumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Wakati wote huo studio ya Jackson kule Omaha ilikuwa mikononi mwa mkewe, Mollie. Habari zake hazipati nafasi kubwa katika simulizi hizi. Alifariki mwaka uliofuata, 1872, wakati wa kujifungua. Mnapotazama kazi ya mpiga picha aliyekaa porini miezi na miezi, mjue kwamba kuna mtu alibaki akifungua duka asubuhi na kuwapokea wateja.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana humu ndani kuna vijana ambao hawajawahi kushika hata filamu, sembuse kioo. Naomba mniwie radhi, hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1871 hapakuwa na filamu. Picha ilipigwa kwenye kioo, na kioo hicho kilitengenezwa pale pale, dakika chache kabla ya kupiga. Unaanza na kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi ikayeyushwa katika etha na alkoholi. Ni kimiminika kizito chenye harufu inayopanda kichwani. Unakishika kioo kwa pembe moja, unamimina kolodioni katikati, unakiinamisha ienee pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha unaichuruza iliyobaki irudi chupani. Mkono ukitetemeka, umeharibu. Vumbi likitua, umeharibu. Halafu unaingia gizani, kwenye hema au sanduku la giza, unakitumbukiza kioo katika nitrati ya fedha. Hapo ndipo kinapoanza kuhisi mwanga. Unakitoa kingali kinadondosha matone, unakifungia kwenye fremu yake, unakimbia kwenye kamera ambayo ulishaipanga na kuilenga tangu mwanzo. Unafungua lenzi, unahesabu sekunde, unafunga. Unakimbia tena kwenye giza kukisafisha kioo kwa dawa ili picha itokee, kabla hakijakauka. Kikikauka, hakuna picha. Una dakika kumi hivi mkononi, na kwenye jua kali la kiangazi hata hizo huna.

Kisha unakikaza kwa dawa, unakiosha kwa maji mengi, unakikausha, unakipaka vanishi. Ndiyo umemaliza picha moja.

Jackson alikumbuka baadaye kwamba mzunguko mzima wa namna hiyo, tangu kuilenga kamera na kukiandaa kioo hadi kurudi kwenye sanduku la giza na kukisafisha, kwa kawaida ulimchukua kama robo tatu ya saa. Kamera yake kubwa ilipokea kioo cha inchi 8 kwa 10, na vioo hivyo, chupa za dawa, mabakuli na sanduku la giza vyote vilipanda milima migongoni mwa nyumbu. Nasema nyumbu wa mizigo, mtoto wa farasi na punda, siyo hawa wa Serengeti. Mmoja wa nyumbu wake katika safari na Hayden aliitwa Hypo, jina la mkato ambalo wapiga picha waliipa dawa ya kukazia picha. Mnyama huyo akiteleza kwenye mawe ya mto, msimu mzima wa kazi unaingia majini.

Walipofika Mammoth, baada ya tarehe 20 Julai, Jackson alikuta mambo mawili ambayo mpiga picha wa vioo huyaota. La kwanza, vitu vya kupiga vilikuwa vimekaribiana, kiasi kwamba alihamisha sanduku lake la giza mara chache tu. La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Maji ya chemchemi yalitoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Akaoshea vioo vyake kwa maji hayohayo, na vioo vilivyooshwa kwa maji ya moto vikakauka kwa chini ya nusu ya muda wa kawaida. Fikirini hilo. Chemchemi iliyokuwa mbele ya lenzi ndiyo ilimsaidia kuikamilisha picha yake. Kwangu mimi hakuna picha nyingine ya karne ile iliyoungana hivyo na mahali ilipopigwa.

Na matuta yenyewe ni nini? Chini ya Mammoth kuna mawe ya chokaa ya kale sana. Maji ya mvua na theluji hupenya chini, hupashwa joto na moto wa volkano wa Yellowstone, huchanganyika na gesi ya kaboni dioksaidi na kuwa na asidi kidogo. Maji hayo yanaila chokaa na kuibeba. Yakifika juu, gesi inatoroka hewani, na maji hayawezi tena kuishikilia chokaa yote, basi yanaiacha palepale. Ukoko mweupe mnaoukwangua ndani ya birika la chai nyumbani ni wa ukoo huohuo. Jiwe linalojengeka hivyo huitwa travertini. Hujengeka haraka zaidi pale maji yanapomwagikia ukingoni, kwa hiyo ukingo unapanda, kidimbwi kinajaa, maji yanamwagika upande mwingine, na tuta jipya linaanza.

Travertini mbichi ni nyeupe pee. Lakini pale maji ya moto yanapopita, viumbe vidogo vinavyopenda joto huupaka mlima rangi ya manjano, machungwa, kahawia na kijani kulingana na joto la maji. Chemchemi ikikatika, viumbe vinakufa, rangi inaondoka, na jiwe linabaki la kijivu linalomomonyoka.

Kioo cha kolodioni hakikuwa na uwezo wa kuyaona hayo. Kilihisi mwanga wa buluu na zambarau, lakini mbele ya nyekundu, machungwa na manjano kilikuwa kipofu. Matokeo yake anga ya buluu iliungua ikawa nyeupe tupu bila wingu, na michirizi ya machungwa iliyokuwa iking'aa juani ilitoka kama tope. Jackson aliyaona yale kwa macho yake halafu akatazama kioo chake kikimletea kitu kingine. Na maji? Kwa sekunde zile za kuhesabu, maji yanayotiririka yaligeuka utando laini, na mvuke ukawa ukungu usio na umbo. Kilichobaki imara ni jiwe na mtu. Ndiyo maana Moran ilibidi asimame kama mlingoti.

Hapo ndipo urafiki wa wawili hawa ulipokuwa na maana kubwa. Moran alikuwa mwembamba, hakuwa amezoea farasi kabisa, hata Jackson akasimulia jinsi mwenzake alivyoweka mto juu ya tandiko ili aweze kukaa. Lakini jicho lake halikuchoka. Alimsaidia Jackson kuchagua pembe za kupiga, alisimama mbele ya kamera alipohitajika, na pembeni alikuwa na daftari lake la rangi za maji akiandika kile ambacho kioo kilikataa. Picha ikatoa umbo na kipimo, rangi za maji zikatoa manjano na machungwa. Aliyetaka kubisha alikutana na mashahidi wawili waliosimama mahali pamoja, siku moja. Nawaambia vijana mnaosoma sanaa mkiwa mmegawanyika, wachoraji huku na wapiga picha kule: hawa wawili walipikiana.

Mwisho wa mwaka Hayden alirudi Washington akiwa na picha, michoro na vipande vya mawe, na muswada wa kuifanya Yellowstone hifadhi ulifikishwa bungeni Desemba 1871. Rais Ulysses Grant aliutia saini tarehe 1 Machi 1872. Mwaka huohuo Bunge lilinunua mchoro mkubwa wa Moran wa korongo la Yellowstone kwa dola 10,000.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kwamba picha za Jackson ndizo zilizoiumba hifadhi. Inapendeza masikioni mwa watu wa kazi yetu, lakini siikubali ilivyo. Nilisema mlikumbuke jina la Jay Cooke. Reli yake ilikuwa ikielekea magharibi na ilihitaji abiria. Oktoba 1871 mtu wa ofisi yake ndiye aliyemwandikia Hayden kumpendekezea kwamba eneo lile litengwe. Fedha za reli zilikuwapo, na pia ilisadikiwa kwamba ardhi ile haifai kwa kilimo wala machimbo, hivyo kuitenga hakumgharimu mtu mwenye kura. Picha zilifanya kazi nyingine, nayo si ndogo. Ziliwafungia njia waliotaka kusema kwamba hayo ni maneno ya walevi wa porini. Baada ya Jackson, mtu aliweza kubishana juu ya thamani ya mahali pale, lakini hakuweza tena kubisha kwamba papo.

Na hata hiyo ilikuwa bahati. Jackson hakuwa peke yake kiangazi kile. Msafara wa kijeshi wa Barlow na Heap ulikuwa na mpiga picha wake, Thomas Hine wa Chicago. Aliimwaga kolodioni ileile, akakimbizana na jua lilelile. Alirudi kwao na vioo vyake, na Oktoba 1871 moto mkubwa ukaiteketeza Chicago. Karibu kazi yake yote ikaungua; zilisalimika nakala chache tu alizokuwa ameshazitoa. Leo jina la Jackson liko kwenye kila kitabu cha historia ya picha, la Hine wanalijua wachache. Simlaumu Jackson kwa hilo. Ila nikisikia watu wakisema historia imemchagua aliye bora, namkumbuka Hine na vioo vyake ndani ya mji unaowaka.

Sasa nifike kwa wale ambao hawakuitwa kusema.

Tazameni picha za Mammoth za 1871: matuta, mvuke, miti, mwanasayansi mmoja au wawili. Nchi tupu, inayongoja kugunduliwa. Ukweli haukuwa huo. Hata Hayden alipofika aliwakuta wagonjwa wakioga kwenye maji yale wakitafuta nafuu, na watu wawili, James McCartney na Harry Horr, walikuwa wameshajitangazia ardhi na kuanza kujenga. McCartney alikuja kuendesha pale nyumba ya wageni ya magogo, ya kwanza katika hifadhi yote.

Hao ni wageni wa jana. Kuna wenyeji. Watukudika, tawi la Washoshone, waliishi katika milima ile wakiwinda kondoo mwitu na kutengeneza pinde za pembe zilizosifika. Wacrow, Wabannock, Wablackfeet na wengine walipita na kuwinda humo. Kusini mwa Mammoth, si mbali, kuna jabali la kioo cheusi cha volkano ambacho watu wamekichonga kuwa visu na vichwa vya mishale kwa zaidi ya miaka 11,000, na vipande vyake vimefukuliwa hadi Ohio, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Hiyo siyo nchi isiyo na watu. Mwaka huohuo wa 1871, nje ya eneo hilo, huko Idaho, Jackson alipiga picha ya familia ya Wabannock mbele ya kibanda chao. Kwa hiyo aliwaona. Ila katika mafungu ya picha waliwekwa kwingine: watu huku, mandhari kule. Kabla muongo ule haujaisha, Watukudika walikuwa wameondolewa kwenye milima yao, na wasimamizi wa hifadhi walianza kuwaeleza watalii kwamba wenyeji siku zote waliziogopa chemchemi.

Siwezi kulisema hili hapa Afrika Mashariki bila kutaja kwetu. Wazo la hifadhi ya taifa lilisafiri likatufikia, na wazo la mandhari tupu lilisafiri nalo. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walitolewa na kupelekwa Ngorongoro. Picha nyingi za Serengeti zinazouzwa madukani hadi leo zina simba, mti mmoja na jua, na hazina mtu. Ninaipenda Serengeti kwa moyo wangu wote, na ninajua wengi humu mnaishi kwa kuipiga picha. Ndiyo maana nalisema mbele yenu.

Yaliyofuata Mammoth nitayapitia haraka. F. Jay Haynes aliingia Yellowstone mara ya kwanza 1881, na kuanzia 1884 akawa na studio pale pale Mammoth. Yeye na mwanawe Jack waliwauzia watalii picha na kadi kwa miongo mingi. Watalii wa awali walivunja vipande vya matuta wakaondoka navyo, na wengine walitumbukiza vitu kwenye maji ya chemchemi ili vivikwe chokaa na kuuzwa kama kumbukumbu. Mwaka 1886 jeshi lilikuja kulinda, likapiga kambi karibu na matuta. Jackson mwenyewe baadaye alijiunga na kampuni ya kuchapisha kadi huko Detroit, ambako picha zake zilipata rangi kwa mbinu ya chapa za mawe iliyotoka Uswisi. Aliishi hadi 1942, akafa akiwa na miaka 99.

Lakini kuna manufaa ya vioo vile ambayo sidhani Jackson aliyafikiria alipokuwa akikimbia na fremu inayodondosha matone. Matuta ya Mammoth hayatulii. Chemchemi inakauka mwaka huu, inafumuka kwingine, inarudi baada ya miaka. Minerva, tuta lililopigwa picha kuliko karibu yote, limekauka na kufufuka mara kadhaa. Kwa hiyo picha ya 1871 leo ni kipimo cha kisayansi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kundi la wapiga picha wa Marekani walitafuta sehemu ambako Jackson na wenzake waliweka miguu ya kamera, wakasimama palepale, majira yaleyale, kivuli kikiangukia palepale, wakapiga tena. Waliweza kwa sababu vioo vilihifadhiwa katika nyaraka za serikali, vikiandikwa mahali na mwaka.

Hapa nina ombi, na nalielekeza kwa wanaotoka nyanda za juu kusini. Katika bonde la mto Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, kuna chemchemi za maji moto, na kuna travertini iliyojengwa na maji kwa namna ileile ya Mammoth. Jiwe lake limekuwa likichimbwa kwa ujenzi. Nendeni mkalipige picha. Wekeni mtu ndani ya picha, tena mtu wa pale, anayeoga au kufua au kuvunja mawe, na muulizeni kwanza. Andikeni jina lake kama atakubali, tarehe, saa, mlikosimama na mlikoelekeza lenzi. Chapeni nakala mbili, moja mwachieni yeye, nyingine ipelekeni kwenye nyaraka au makumbusho. Mwakani, kama waandaaji watatupa tena ukumbi huu, tuzitundike ukutani na tuwaalike waliomo ndani ya picha waje wazungumze wao.